Maswali ya Wasomaji: Miguu ya Mpira Chini ya Spika

SWALI: Bwana Mhariri, baada ya salamu. Ninaishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ya wazee wetu, na jioni hupenda kusikiliza taarabu katika msana wa juu, yaani chumba kirefu chembamba, ambao una upana wa mita 2.8 na urefu wa mita 7. Spika zangu mbili, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 8, ziko juu ya kabati la vyombo lililoegemea ukuta mrefu, nami hukaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta unaolitazama. Besi inapopigwa, vikombe hulia kabatini, na kuna noti moja ambayo huvuma kupita nyingine zote hata udi husikika kwa shida. Rafiki yangu wa Mombasa ananishauri ninunue miguu ya mpira ya kuweka chini ya spika, lakini bei yake inakaribia nusu ya bei ya spika zenyewe. Je, itafaa? Na je, itawapunguzia kero jamaa wanaokaa chini yetu?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Ndugu msomaji, umeeleza maradhi mawili, na dawa uliyoshauriwa hutibu moja.

Tuanze na vikombe. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, boksi nalo husukumwa nyuma kidogo na mbao zake hutetemeka. Mtetemo huo ni mdogo mno, lakini unaposhukia ubao mpana wa kabati hukuzwa, kama vile uzi wa udi, ambao ukiwa peke yake ungesikika kwa shida, unavyopewa sauti na tumbo la mbao lililo nyuma yake. Kabati lako limegeuka udi wa pili, tena udi usiotunzwa nyuzi. Hapo miguu ya mpira ina kazi, kwa sharti kwamba ibonyee.

Neno hilo la kubonyea ndilo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Mguu ukibonyea milimita 4 chini ya uzito wa spika, spika hiyo ikiguswa itacheza takriban mara 8 kwa sekunde, yaani hezi 8. Ukibonyea robo milimita tu, itacheza kwa hezi 32. Mguu huanza kuzuia mtetemo unapopita takriban mara 1.4 ya kiwango hicho, na karibu na kiwango chenyewe huuongeza badala ya kuupunguza. Uzi mnene kabisa wa ile besi kubwa ya mbao ya taarabu hulia kwa hezi 41. Kwa hiyo mguu mgumu wa robo milimita, ambao huanza kuzuia kwenye hezi 45, hautausaidia uzi huo na huenda ukauchochea, ilhali ule wa milimita 4 utauzuia vizuri. Nayo hesabu hii inaupendelea mpira kidogo, kwa sababu mpira huwa mgumu zaidi unapotetemeshwa kuliko unapolemewa tu. Spika ya kilo 8 juu ya miguu minne huupa kila mguu kilo 2 hivi, basi usinunue miguu iliyotengenezewa spika za kilo 30 kwa kuwa inaonekana ya fahari. Miguu ya springi za chuma hufanya kazi vyema, ila kwa hewa ya chumvi ya Lamu mimi nisingeichagua.

Kabla ya kutoa pesa, weka kila spika juu ya kipande cha sifongo ya godoro kinachobonyea bila kulala kabisa, ucheze wimbo uleule kwa sauti ileile, kisha uweke kiganja juu ya kabati. Ikiwa mtetemo umepungua na vikombe vimenyamaza, umepata jibu lako, na pengine umeshapata na miguu yako. Kwa upande wa masikio, mwombe mtu mwingine aweke na kuondoa sifongo huku wewe umefumba macho, na kila anapoiondoa akuinulie spika kwa vitabu kiasi kilekile cha sifongo, kwa kuwa kuinuka kwa sentimita chache peke yake hubadilisha jinsi sauti nyembamba zinavyokufikia.

Noti inayovuma ni jambo jingine, na kosa si la spika. Misana yetu ni myembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazina urefu wa kutosha kwa chumba kipana. Joto likiwa nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde; kwenda na kurudi katika upana wako ni mita 5.6, na ukigawanya unapata takriban hezi 62. Noti iliyo hapo hukuzwa na chumba chenyewe, na nguvu yake hukusanyika kwenye kuta mbili, yaani palepale ulipoweka spika na palepale unapokaa. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hutawanya sauti nyembamba na zulia huzimeza, lakini wimbi la mita 5.6 halijali zidaka wala zulia. Simama katikati ya msana, noti hiyo ikilia, na utaisikia ikififia. Kwa hiyo sogeza kiti mbele, au, kwa maoni yangu ni bora zaidi, hamishia spika kwenye ukuta mfupi, kila moja umbali uleule kutoka ukuta mrefu ulio karibu nayo, ili misukumo yao ya besi ipingane katika upana na noti itulie. Kazi hiyo haina gharama isipokuwa waya mrefu na ridhaa ya wenye nyumba.

Ama jamaa wa chini, miguu itapunguza kile kinachopita kabatini na sakafuni. Sauti inayopitia mlangoni na kushukia kiwandani, yaani uani, haizuiliki kwa mpira. Hapo ni kupunguza sauti.

SWALI: Mimi nipo Malindi. Spika zangu ndefu zimesimama kwenye vigae juu ya zege, nazo zina misumari ya chuma chini yake. Niiondoe niweke mpira?

JIBU: La. Zege lililolala juu ya ardhi halitetemeki kwa urahisi. Misumari nayo haizuii mtetemo, kazi yake ni kuisimamisha spika imara, hasa juu ya zulia. Weka sarafu chini ya kila msumari isikwaruze vigae, kisha sukuma spika kwa kidole. Ikiyumba, zungusha msumari ulio mfupi mpaka uguse sarafu yake.