Re: HPLC (mashine ya maabara ya kutenganisha na kupima kemikali) ya mtumba, Agilent 1100 au Waters Alliance?
Mkuu, kama ni kupima vidonge vya parasetamoli tu kama ulivyosema, Agilent 1100 inakutosha kabisa, ni ya tangu 1995 lakini pampu yake inafika presha ya bar 400. Ila usilipe kabla hujaiona inafanya kazi, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako apitishe maji na methanoli ml 1 kwa dakika halafu we angalia presha, ikirukaruka na hamna hewa kwenye mipira ujue sili au vali za pampu zimechoka, hizo zinabadilishika. Taa ya deuteri (ile ya mwanga wa UV wa kupimia) uliza imewaka masaa mangapi, ikivuka 2000 hivi piga hesabu ya mpya. Balaa lenyewe ni programu ya kompyuta ya kuiendesha aisee, mi niliuziwa mashine bila leseni ikakaa miezi 4 imefunikwa shuka.