Beseni la sadaka na jirani mkimbizi asiye Muislamu

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Darsa yetu ya akina mama hapa Kisauni ina beseni la sadaka, kila Alhamisi mtu hutia alichojaaliwa. Chumba cha uani kwetu amehamia mama wa Kikongo na watoto watatu, wamekimbia vita vya Kivu. Ni Mkristo. Wengine wasema pesa za beseni ni za Waislamu tu. Wengine wasema apewe unga, lakini aje darsani kwanza. Na mmoja wetu keshampiga picha akipokea mchele, ameitia kwenye grupu la WhatsApp. Lipi sawa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah, mwanangu.

Nataka kujua kwanza beseni lina nini. Kama kuna aliyetia zaka yake humo, itolewe iwekwe kando. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na kwa wanavyuoni wengi, madhehebu yetu ya Shafi yakiwemo, hapewi asiye Muislamu. Mkimbizi Muislamu huipata bila tabu: ni fukara, au ni ibnu sabil, msafiri aliyekatikiwa njiani. Hata kama kwao ameacha nyumba ya ghorofa, leo haimfai kitu.

Lakini beseni la Alhamisi, niyajuavyo mabeseni ya akina mama, ni sadaka tupu, na sadaka haina mpaka huo. Someni Suratul Mumtahina aya ya 8: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Tena huyu ni jirani. Sahaba Abdullah bin Amr alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, alipofika akauliza, "Mmempelekea jirani yetu Myahudi?" Akauliza tena. Kisha akasema alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha.

La kumwambia aje darsani kwanza limeniudhi, sikufichi. Waislamu wa mwanzo wenyewe walikuwa wakimbizi Uhabeshi, chini ya Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi walimpelekea zawadi awarudishe. Alizikataa zawadi, na watu hakuwatoa. Wala hakuwaambia waingie kanisani ndipo wale. Huyo mama akija kwa hamu yake, mtandikieni mkeka. Akija kwa kilo mbili za unga, mtakuwa mmemfundisha nini?

Picha ifutwe leo. Suratul Baqara aya ya 264 yasema sadaka hubatilishwa na masimbulizi na maudhi, na mtu aliyekimbia kwao huenda ana sababu ya kutotaka uso wake uonekane. Kwenye grupu tangazeni hesabu ya pesa, yatosha.

Nakumbuka 1991, majahazi yalipoingia hapa na watu wa Barawa na Mogadishu, waliokimbia vita vya Somalia. Si wote walioingia kambini Utange; wengine walilala majumbani mwetu, juu ya mikeka yetu. Kwetu ilikuwa rahisi: twasali nao, na Chimiini cha watu wa Barawa ni ndugu wa Kiswahili chetu. Mtihani wenu mkubwa kidogo, ingawa Kiswahili cha Kongo mtakizoea.

Sasa fanyeni hivi. Kodi ya mwezi huu mpeni mwenye nyumba mkononi. Mmoja wenu amsindikize mama akajiandikishe kwa maafisa wa serikali wanaoshughulikia wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 yampa haki ya kuomba hifadhi. Kisha muulizeni ajua kazi gani. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina kutoka Makka, Saad bin Rabii, mwenyeji wake, alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akasema, "Nionyesheni soko." Alirudi na samli na jibini kavu. Kama huyu ajua kukaanga mandazi, beseni la Alhamisi mbili lanunua karai na jiko, na wateja wa kwanza pale barazani muwe nyinyi.

Wallahu aalam.