Umeajiriwa na bado unacheza mpira? Mwangalie Nils Middelboe

Wadogo zangu mlioanza kazi juzijuzi na bado mnacheza ligi, swali lenu huwa ni moja: niache kazi au niache mpira? Nimekaa kaunta ya benki miaka mingi huku nikicheza beki wa kati madaraja ya chini, na ninavyoona mimi, si lazima uache chochote. Cha lazima ni kusema ukweli kuhusu muda wako, kazini na uwanjani.

Ninayependa kuwatajia ni Nils Middelboe wa Denmark. Si mchezaji wa kubahatisha huyu. Oktoba 1908, kwenye Olimpiki ya London, Denmark ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi na kuichapa timu B ya Ufaransa 9-0, na bao la kwanza lilikuwa lake. Akarudi na medali ya fedha, na mwaka 1912 akaongeza nyingine. Mwaka 1913 kazi ya benki ikampeleka London, akasajiliwa na Chelsea, mgeni wao wa kwanza kutoka nje ya Uingereza. Mshahara wa mpira hakuchukua. Alikaa hapo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, akacheza mechi 46 tu. Ni kweli vita vilisimamisha ligi misimu minne, lakini na benki nayo ilimbana: mechi nyingi za ugenini hakusafiri, na klabu ilijua hivyo.

Neno hilo "ilijua" ndilo nataka mlishike. Ratiba ya ligi ikitoka, iweke pembeni ya ratiba ya zamu siku hiyohiyo. Mechi za mwisho wa mwezi, usiahidi. Jumamosi tawi linafunga mchana, lakini wewe hutoki mpaka hesabu ya droo yako ikubali. Ikipungua elfu kumi utahesabu noti upya, bunda kwa bunda, na wenzako wanapasha misuli. Kwa hiyo mwambie kocha Jumatatu kwamba Jumamosi una kaunta, apange mtu mwingine mapema. Ukimpigia saa nane mchana wa siku ya mechi umeiharibia timu nzima. Na kazini usijifanye mgonjwa. Omba ruhusa, ukinyimwa, kubali.

Kuna jambo la pili, na kwangu hili ni zito zaidi. Pale Chelsea Middelboe alikuwa na mwenzake, Vivian Woodward, Mwingereza msanifu majengo, naye wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa kucheza. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Uingereza walipowafunga Wadenmark fainali za 1908 na 1912. Mwaka 1915 Chelsea ilifika fainali ya Kombe la FA. Woodward alikuwa jeshini, akapata ruhusa ya kuja kucheza. Akakataa nafasi, kwa sababu Bob Thomson ndiye aliyecheza raundi za kuifikisha timu pale. Chelsea ikafungwa 3-0 na Sheffield United, na bado naamini Woodward alifanya sawa.

Wewe una mshahara mwisho wa mwezi. Yule kijana anayekuja mazoezini kila jioni, pengine mpira ndio tegemeo lake lote. Kama wiki nzima hukuonekana, usisubiri kocha aone haya kukuweka nje kwa sababu ya jina lako. Mfuate kabla hajasoma kikosi, mwambie aanze kijana, halafu vaa jezi ukae benchi.