Mhehe nusu, Mngoni nusu, na beti za saa tisa usiku

Wakuu habari za usiku. Kuna mdau ameuliza kama kutunga mashairi ya kuchekesha kunamsaidia kweli mtu mwenye sonona (depression) au ni kujidanganya tu, na naona wengi wamemjibu kwamba mwanaume anaeweza kuchekesha watu hana sonona, ana muda wa kuchezea. Hapo ndo nikashindwa kupita kimya. Mi ndo nilikuwa mchekeshaji wa grupu la WhatsApp la ukoo na la mtaani pia, na kipindi nilichotuma vichekesho vingi kuliko vyote ndo kipindi ambacho nilikuwa sitaki kukuche.

Mkasa wenyewe ni wa kawaida tu. Mi ni fundi simu, fremu yangu ilikuwa Mbagala. Mwaka 2021 wezi wakavunja usiku wakabeba simu 17 za wateja. Sasa mnajua simu ya mteja ikiibiwa kwako mwizi ni wewe, hamna maelezo yatakayoeleweka, kuna mama alikuja asubuhi ile akakaa kwenye benchi la fremu mpaka jioni anasubiri simu yake ya batani kama vile wezi wangeirudisha. Nikaenda kwa jamaa wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, laki nne, rejesho kila siku, Jumapili wanapumzika wao we hupumziki. Nikawa nakopa huku nalipa kule, baada ya miezi mitatu nadaiwa na watu ambao hata sura zao sizikumbuki ila sauti zao nazijua vizuri.

Usingizi ukakata. Chumba changu hakina silingibodi, kwahiyo saa tisa usiku nalala chali naangalia bati. Siku ya kwanza nikahesabu bati, siku ya pili misumari, siku ya tatu nikajikuta nahesabu silabi. Shuleni tulifundishwa shairi la tarbia, mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16, nane mbele nane nyuma, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alishaziweka kanuni hizi kitabuni tangu mwaka 1954, mi nilikuwa nimezimezea mtihani tu nikazisahau. Usiku ule zikarudi zenyewe.

Mkopo nilichukua, nikidhani ni msada,
Simu wakanipigia, kuliko mama na dada,
Usingizi ukapaa, ninasomea shahada,
Bati zote nazijua, misumari na ziada.

Sio shairi la kushindania zawadi, najua. Ila nataka mdau aelewe lilivyofanya kazi, maana watu wanadhani shairi linasaidia kwa vile "unatoa ya moyoni". Kwangu haikuwa hivyo. Ya moyoni nilikuwa nimeyachoka, yalikuwa yanajitoa yenyewe usiku kucha bila kuombwa. Kilichonisaidia ni vidole. Ukiwa unahesabu mizani kwa vidole huwezi kuhesabu deni kwa vidole hivyohivyo, havitoshi. "Msaada" lina silabi nne, nahitaji tatu, nifanyeje, nikate iwe msada kama malenga wanavyokata? Hapo dakika ishirini zimepita sijamuwaza yule mama wa kwenye benchi. Sina ugomvi na watu wa mashairi huru, yale yasiyofuata vina wala mizani, waendelee na uhuru wao, ila usiku ule mi nilihitaji pingu.

Na kwanini ya kuchekesha? Kwasababu nilijaribu ya huzuni na nikaishia kulia kwenye mshororo wa pili, shairi halikuisha. Likiwa la kuchekesha lazima ulimalize, hakuna kichekesho nusu.

Sasa ubaya wake. Ule ubeti niliutuma kwenye grupu la ukoo. Watu 14 wakaweka vikatuni vya kucheka machozi, shangazi akaandika "huyu mtoto ana kipaji jamani". Hakuna hata mmoja aliyeniuliza sasa wewe unalala saa ngapi. Kwahiyo wale mnaosema kichekesho kinaficha ugonjwa mko sahihi nusu. Kinaficha, tena vizuri sana, na ukishapewa cheo cha mchekeshaji hata ukiandika "nimechoka kuishi" watu wanasubiri mshororo wa mwisho wacheke.

Nusu nyingine inahitaji niwaeleze mi ni nani. Baba yangu Mhehe wa Iringa, mama Mngoni wa Songea. Wenye asili ya Kusini mshaanza kucheka. Hayo makabila ni watani wa jadi, mababu walipigana kabla Mjerumani hajafika, hakuna aliyemmaliza mwenzake, baadae wakabaki kutaniana. Na utani mkubwa anaotaniwa Mhehe mnaujua nchi nzima, kwanza anakula mbwa, pili ukimuudhi kidogo tu anajinyonga. Nimekua na huo utani toka darasa la kwanza. Nikinyimwa penseli nikinuna, mwenzangu anasema "mwangalieni huyo Mhehe, mwiteni mwalimu". Tulicheka wote, mi mwenyewe nilicheka.

Ila fikiria sasa we ndo huyo Mhehe, una miaka thelathini na kitu, na hilo wazo limekuja kweli. Utamwambia nani? Nikisema ntakuwa nimethibitisha utani wa kabila zima. Najua inaonekana upuuzi, mtu anataka kufa anaogopa kuchekwa, lakini kichwa kikiumwa ndo kinavyofikiri.

Na kuna hili la Mkwawa ambalo huwa linanichanganya. Darasani tunasomeshwa kwamba mwaka 1898 Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe alijiua ili Wajerumani wasimkamate, na ni shujaa, fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 mpaka leo liko makumbusho ya Kalenga watu wanalipia kuliona. Mtaani jambo hilohilo ni kichekesho. Kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kujaribu kujiua ni kosa, yaani ukinusurika unaweza kupelekwa mahakamani (Wakenya Mahakama Kuu yao ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo ni kinyume cha katiba, sisi bado). Kwahiyo shujaa, kichekesho, mhalifu, chagua. Mgonjwa hayumo kwenye orodha. Usiku mmoja nikajilinganisha na Mtwa mwenyewe na hapo ndo nilicheka peke yangu gizani, maana yeye alikuwa na jeshi zima la Mjerumani nyuma yake na dau la rupia 5,000 kwa atakaeleta kichwa chake, mimi nyuma yangu kuna dada mmoja wa marejesho ana daftari na kandambili.

Baba akafariki 2022. Tukasafirisha mpaka kijijini Iringa. Sasa Wangoni ndo watani, kwahiyo wajomba zangu wametoka Songea na basi zima na hawakuja kulia, wamekuja kufanya kazi yao. Mjomba mkubwa akavaa koti la marehemu na ile kofia yake ya sufu, akawa anatembea kama baba alivyokuwa anatembea, mkono mmoja mgongoni, anapita kwa waombolezaji anawauliza "mbona mnapika nyama, nani kawapa ruhusa?" kwa sauti ya baba kabisa, maana baba alikuwa bahili sana Mungu amrehemu. Kwenda makaburini wakalala njiani mbele ya jeneza, hatupiti mpaka walipwe. Mama mwenyewe mjane alikuwa anacheka huku machozi yanatiririka, khanga imeloa. Mi nikawa sijui nisimame upande gani. Mfiwa ni mimi, lakini damu ya watani pia ni yangu, nilipe au nilipwe? Nikatoa buku mbili, mjomba mdogo akanirudishia buku akasema "hii ya nusu yako ya Kingoni".

Usiku wakati watu wameota moto, mjomba mkubwa akaja akakaa pembeni yangu, bado kavaa lile koti. Akasema, kwa sauti ya utani ileile, "Na wewe Mhehe nusu, usije ukatuita tena huku karibuni. Nauli ya kutoka Songea unaijua?"

Huo utani nimeshausikia mara elfu. Ila yeye alipomaliza hakucheka. Aliniangalia tu akanyamaza, akawa anasubiri. Na mimi sijui ni koti la baba au nini, nikamwambia, mjomba, nimeshafikiria, mara nyingi tu.

Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuniuliza vile nikamjibu. Mchungaji angeniuliza ningesema namshukuru Mungu. Mke wangu aliniuliza nikasema nina malaria. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, na akishalisema yeye kwanza basi na wewe umepata mlango. Mjomba hakunipa hotuba. Alivua koti, akanifunika nalo, tukakaa mpaka asubuhi, na wiki iliyofuata tukapanda wote basi mpaka Dar, akanisindikiza hospitali. Njiani ananitania kwamba ananipeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na nikishafika asije akabakizwa yeye.

Daktari, mdada mdogo tu, akaniuliza maswali mengi, na akasema neno sonona, na kwamba dawa hazitanishika siku hiyohiyo, inachukua wiki 2 mpaka 4 ndo nianze kuona tofauti kwahiyo nisikate tamaa nikaziacha. Kweli wiki ya kwanza niliona mdomo mkavu tu. Nilimuonyesha daftari langu, akasema endelea, ukirudi uje na nyingine. Nikarudi na hii.

Dakitari kauliza, unasikia sauti?
Ndiyo, zinanichokoza, mwenye nyumba kwenye geti,
Akacheka, akajaza, jina langu kwenye cheti,
Tarehe akanijuza, nirudi tena na beti.

Na hii ya wajomba, wao wameikariri wanaiimba kwenye harusi.

Babangu Mhehe kweli, mama Mngoni halisi,
Nikinuna siku mbili, wanakuja kwa upesi,
Hata mbwa wao wawili, wamefungiwa ofisi,
Nacheka, nala ugali, naahirisha mikosi.

Kwahiyo mdau, jibu langu ni kwamba beti zilinivusha usiku mmoja mmoja, zaidi ya hapo sitazipa sifa. Mchana ulihitaji dawa, na mjomba, na mke wangu kukaa na wale wa kausha damu wakaandikishiana mezani kwa mjumbe (hilo deni limeisha mwaka juzi, simu za watu bado nne). Na mnaotania watu, mtani wako mtanie, ni haki yenu wote wawili, ila yule konda alienikuta nimeinama kwenye siti akasema "Mhehe leo unajimaliza nini" hakuwa mtani wangu na wala hakuwa anasubiri jibu, yule alinitukana. Na kama na wewe unaesoma hapa lile wazo limeshakujia, usiishie kulitungia shairi ukatuma grupu, tafuta mtu mmoja wa ana kwa ana umwambie kwa maneno ya kawaida yasiyo na vina, leo leo, afu akupeleke hospitali.

Mjomba huwa ananitumia meseji kila Jumapili usiku, "Mhehe umelala?", na mi namjibu kwa kipande cha mizani nane. Jumapili iliyopita nilisahau kabisa, nikamjibu Jumatatu saa mbili asubuhi, "Leo nimelala vizuri". Akajibu palepale kwamba hiyo ni tisa, niirekebishe. Nimeihesabu kwa vidole, kweli tisa. Nimeiacha hivyohivyo.