Unapoanza kusoma sarafu za Kirumi, anza na herufi

Wageni wengi wa fani hii huvutwa kwanza na picha: tai, simba, mungu wa kike aliyekumbatia pembe iliyojaa matunda. Ni nzuri kweli, lakini wewe anza na maandishi ya ukingoni, hata yakiwa yamelika nusu.

Chukua dinari, yaani sarafu ya fedha, ya mfalme Trajan. Nyuma mara nyingi utakuta COS V. Maana yake ameshika cheo cha konsuli, wadhifa wa juu wa serikali ya Roma, mara ya 5. Cheo hicho alikipata mwaka 103, na cha 6 mwaka 112, kwa hiyo herufi nne tu zimeshakuambia sarafu ilipigwa kati ya 103 na 111. Ukiona DAC, kifupi cha Dacicus, ujue ameshawashinda Wadakia, watu wa ng'ambo ya mto Danube, mwaka 102. Zoea pia kwamba U huandikwa V, na kwamba AVG ni kifupi cha Augustus, jina la cheo cha mtawala, na AVGG yenye G mbili inataja watawala wawili kwa pamoja.

Ukija kwenye picha, tazama mikono. Sura za miungu hao wa kike zinafanana mno; kinachowatofautisha ni walichoshika. Pax (amani) ana tawi la mzeituni, Aequitas (haki) mizani, Annona (ugavi wa nafaka) masuke ya ngano.

Hapa ndipo naomba uwe makini zaidi. Picha ile ni dai la mtawala, si habari. Mwaka 69 mfalme Otho alitoa dinari zenye maneno PAX ORBIS TERRARVM, amani ya dunia nzima, huku majeshi ya mpinzani wake Vitellius yakishuka kutoka mto Rhine kuja kumng'oa. Otho alitawala Januari hadi Aprili tu, akajiua baada ya kushindwa vitani. Sarafu ikisifu uaminifu wa askari, kachunguze askari walikuwa na hali gani mwaka huo.

Kisha pima uzito. Mwaka 64 mfalme Nero aliamuru ratili moja ya fedha itoe dinari 96 badala ya 84, na madini ya fedha yenyewe akayapunguza. Picha haikukiri hilo, mizani inakiri.

Sarafu ya shaba usiisugue kamwe. Ule utando wa kijani mara nyingi ndio ulioshika herufi, ukitoka zimetoka nazo.

Na kama huna sarafu mkononi, tumia OCRE, hifadhidata ya sarafu za Dola la Kirumi ya American Numismatic Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa sarafu. Ni bure mtandaoni, na unaweza kutafuta kwa vipande vya maandishi ulivyofanikiwa kusoma.