Kitabu cha kurasa 32 kuwa katuni ya nusu saa, kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye animesheni, kuna kazi mtapewa mapema na mtaiona mteremko, eti chukua kitabu cha picha cha watoto ukifanye katuni ya nusu saa. Mi ya kwanza nilichemsha vibaya. Nilichora storibodi (michoro ya kupanga filamu tukio kwa tukio) ukurasa kwa ukurasa, kila mnyama nikamwongezea maneno ili dakika zijae, tukawawekea watoto wa jirani waangalie, dakika ya tano wako nje na mpira wao.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, soma kitabu kwa sauti huku unajipima na simu. Vingi havizidi dakika kumi, na nusu saa ya TV, ukitoa matangazo, ni kama dakika 26 hivi, maana yake zaidi ya nusu unaitoa kichwani mwako, shughuli ni unaipachika wapi.

Kaangalieni Grinch ya 1966 aliyoongoza Chuck Jones, katuni ya yule Grinch anayetaka kuiba Krismasi. Maneno ya mwandishi Dr. Seuss (kitabu ni cha 1957) kayaacha kama yalivyo, mwigizaji Boris Karloff ndo anayasoma, halafu nafasi iliyobaki akampa mbwa Max ambaye hata haongei, na nyimbo. Kuna pale sleji (gari la kuteleza kwenye theluji, Max ndo anavuta) inaanza kuteremka, Max anajikuta amepanda nyuma, anachekelea kama abiria aliyepata siti ya dirishani, hadi Grinch amrudishe mbele akavute. Hakuna neno lililoongezwa hapo jamani, ni sura ya mbwa tu.

Ila darasa lenyewe kwangu ni The Snowman ya Uingereza, 1982, ya kituo cha TV cha Channel 4. Kitabu cha Raymond Briggs hakina maneno kabisa na Krismasi haimo, yule mtoto na mtu wa theluji wanaruka mpaka Brighton, mji wa pwani ya Uingereza, wanarudi. Mwongozaji Dianne Jackson na wenzake wakairefusha safari mpaka kaskazini kwa Baba Krismasi, wimbo mmoja ukabeba mruko mzima, na bado hakuna anayeongea ndani ya hadithi yenyewe. Mwisho hawakuugusa, asubuhi mtu wa theluji ameyeyuka, imebaki kofia na skafu yake kwenye kifusi. Walichoongeza ni kidogo tu, mtoto anaingiza mkono mfukoni, anakuta skafu nyingine, ile aliyopewa usiku na Baba Krismasi.