Nimelipia kifurushi kisicho na matangazo, mbona bado nayaona?

SWALI: Nililipia kifurushi cha juu cha huduma ya kutazama tamthilia mtandaoni ili niachane na matangazo. Tamthilia moja tu, kila sehemu huanza na tangazo na kuishia na tangazo. Nyingine zote ni safi. Nimedanganywa?

JIBU: Inategemea uliambiwa nini kabla ya kulipa. Mtoa huduma mara nyingi hamiliki tamthilia anazoonyesha. Hukodi haki kutoka studio au kituo cha televisheni, na baadhi ya mikataba humlazimu aweke tangazo hata kama mtazamaji amelipia kutoliona. Hulu, huduma ya aina hiyo ya Marekani, ilipozindua kifurushi cha namna hiyo mwaka 2015, kwa dola 11.99 kwa mwezi, ilitaja tamthilia chache, Grey's Anatomy ikiwamo, ambazo zingebaki na tangazo la sekunde 15 kabla ya kuanza na la sekunde 30 baada ya kwisha. Katikati pasingekatizwa.

Kwa hiyo angalia tangazo linakaa wapi. Likiwa mwanzoni na mwishoni tu, na ni kwa tamthilia ileile kila mara, basi tamthilia hiyo imeachwa nje ya ahadi kwa sababu ya haki za kuonyesha. Fungua ukurasa wa msaada wa huduma hiyo uone kama tamthilia yako imetajwa. Likikatiza katikati ya sehemu, tena katika tamthilia mbalimbali, shuku akaunti kwanza. Kosa la kawaida ni kuwa na akaunti mbili: kifurushi kimelipiwa kwa barua pepe moja, televisheni imeingia kwa nyingine. Hutokea sana kwa walionunua huduma kadhaa kwa pamoja au kupitia kampuni ya simu. Fungua ukurasa wa akaunti kwa kivinjari, soma jina kamili la kifurushi na barua pepe iliyosajiliwa, ulinganishe na iliyoandikwa kwenye mipangilio ya televisheni. Zikitofautiana, toka kwenye televisheni kisha uingie upya kwa ile iliyolipiwa. Angalia pia kama tamthilia hiyo inatoka kwenye chaneli ya ziada uliyoiongeza, maana chaneli hizo huwa na vifurushi na masharti yake zenyewe.

SWALI: Na mechi za moja kwa moja? Pia kuna watangazaji wa podikasti wanaosifia bidhaa katikati ya maongezi.

JIBU: Hapo usitegemee kurejeshewa pesa. Matangazo ya chaneli ya moja kwa moja huja ndani ya mawimbi ya kituo chenyewe. Prime Video, huduma ya video ya Amazon, kwa mfano, ilianza kuweka matangazo Marekani tarehe 29 Januari 2024 na kutoza dola 2.99 zaidi kwa mwezi kwa asiyeyataka, lakini michezo ya moja kwa moja iliachwa nje ya ahadi hiyo. YouTube Premium huondoa matangazo yanayopachikwa na YouTube. Maneno ya udhamini ambayo mtengeneza video ameyarekodi mwenyewe hubaki, kwa kuwa ni sehemu ya video. Ndivyo ilivyo kwa podikasti ndani ya Spotify Premium.

SWALI: Lakini neno "bila matangazo" limeandikwa kwa herufi kubwa, na tamthilia zilizoachwa nje zimefichwa chini ya kinyota. Sheria inaruhusu?

JIBU: Kinyota peke yake hakimwokoi muuzaji. Nchini Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, wa mwaka 2013 kuhusu matangazo ya mtandaoni unasema maelezo ya ziada yanaweza kufafanua dai, lakini hayawezi kulipinga. Yawe karibu na dai lenyewe, yasomeke hata kwenye skrini ya simu, na yaonekane kabla mtu hajaamua kununua. Kwa malipo yanayojirudia yenyewe kuna pia sheria ya mwaka 2010, inayomtaka muuzaji aeleze wazi masharti yote ya msingi kabla ya kuchukua taarifa za kadi. Kwa maoni yetu, "tamthilia chache zina tangazo fupi kabla na baada", ikiwa imeandikwa chini kidogo ya bei, ni maelezo ya haki. Sentensi hiyohiyo ikizikwa katikati ya masharti ya matumizi, ni udanganyifu na inafaa kulalamikiwa.

Kwa aliye Umoja wa Ulaya, maelekezo namba 2019/770 yanampa kinga nyingine: huduma ikibadilishwa katikati ya mkataba kwa namna inayomuumiza kiasi kisicho kidogo, anaweza kuvunja mkataba bila gharama ndani ya siku 30.

SWALI: Nianzie wapi kudai pesa yangu?

JIBU: Anza na ushahidi, kwa sababu kurasa za mauzo hubadilishwa. Piga picha ya ukurasa wa kujiunga wote mpaka kitufe cha kulipia, ukurasa wa kifurushi chako, na tangazo lenyewe likiwa kwenye skrini, jina la tamthilia na saa vikionekana. Hifadhi barua pepe ya kuthibitisha malipo. Kisha andikia huduma kwa wateja kupitia chati au barua pepe, usipige simu, ili majibu yabaki kwa maandishi. Taja tarehe, ahadi uliyoisoma na kiasi unachodai. Mara nyingi ni rahisi zaidi kupata mwezi mmoja wa bure kuliko kurejeshewa taslimu.

Wakikataa, malalamiko kwa FTC huwekwa kwenye ReportFraud.ftc.gov. Tume haisuluhishi kesi ya mtu mmoja mmoja, ila huyatumia malalamiko kuchagua nani wa kuchunguza. Kwa usuluhishi, jaribu ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Kupinga malipo benki kuwe hatua ya mwisho, kwani akaunti yako ya huduma hiyo inaweza kufungwa. Kwa kadi ya mkopo nchini Marekani, barua ya kupinga ifike ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye deni hilo kutumwa. Na kama ulijiunga kupitia duka la programu la Apple au Google, ombi la pesa lielekeze huko, maana wao ndio waliokukata pesa.